Shafti ya mashine: piga hesabu ya unene kabla hujaenda kununua chuma

Swali ni lile lile kila siku, limebadilika jina la muulizaji tu. "Mkuu nataka kutengeneza mashine ya kupukuchua mahindi, niweke shafti ya milimita ngapi?" Majibu yanakuja kama mvua: weka 25, weka 35, mimi niliweka 40 mpaka leo inadunda. Hakuna anayeuliza mota ni ya ukubwa gani, puli imekaa umbali gani kutoka kwenye beringi, wala mashine itazunguka spidi ipi, na bila hivyo vitu vitatu jibu lolote ni kubahatisha. Kwa hiyo nimeamua kuandika yote hapa, hatua kwa hatua, na mfano mmoja wa mashine halisi nitaufuata kuanzia mwanzo hadi mwisho ili uone namba zinatoka wapi, halafu we badilisha namba zangu uweke za kwako.

Niseme mapema kabisa kitu ambacho kimenichukua miaka kukielewa: shafti nyingi zinazoletwa karakana zimevunjika hazikuvunjika kwa kuzidiwa na nguvu ya kusokota. Zimevunjika kwa kupindwa, mara maelfu kwa maelfu, mahali penye kona kali. Watu wanapiga hesabu ya kusokota peke yake (wakipiga), wanasahau mkanda unavyoivuta shafti pembeni. Ukitoka hapa na hilo tu, mi nimeridhika.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Simu yenye kikokotoo kinachotoa kipeuo cha pili na cha tatu. Ukiigeuza simu ilale, kwa nyingi vinatokea.
- Karatasi na penseli, maana lazima uchore.
- Tepu na vernia. Vernia usiazime ile ambayo taya zake zimelika.
- Kibao cha mota kinachosomeka: kilowati na mizunguko kwa dakika. Kama kimefutika, usikadirie kwa kuangalia ukubwa wa mota kwa macho, mpelekee fundi wa kusuka mota aitambue.
- Vipenyo vya puli zote mbili.
- Uzito wa puli na wa dramu (lile pipa linalozunguka na kupukuchua), hata kwa mizani ya nafaka inatosha.

Nadharia kidogo tu, usiruke

Mkazo ni nguvu ukigawanya kwa eneo linaloibeba. Nyutoni 1 kwenye milimita 1 ya mraba ni megapaskali 1, basi. Kilo moja inayoning'inia inavuta kama nyutoni 10 (ni 9.81, ila kwa kazi yetu 10 inatosha).

Chuma laini cha kawaida kinaanza kujinyoosha bila kurudi kwenye megapaskali kama 250 ukikivuta. Hapo ndipo wengi wanajidanganya, anaona 250 anasema basi nikiweka mkazo wa 200 niko salama. Kwanza, chuma kikisokotwa kinakubali kwa karibu nusu ya kiwango hicho. Pili kuna uchovu wa chuma. Chukua waya wa kufungia nondo, ukiuvuta kwa mikono hauukati hata ufanye nini, lakini ukipinda huku na huku mara kumi au ishirini unakatika wenyewe. Shafti iliyovutwa na mkanda ndivyo inavyofanyiwa, maana upande wa juu ukizunguka unakuwa wa chini, kila mzunguko chuma kile kile kinavutwa halafu kinabanwa. Mashine ya mizunguko 480 kwa dakika ikifanya kazi masaa 8 ni mipindo 230,400 kwa siku moja, ndani ya siku tano umeshapita milioni. Ndiyo maana mtu anasema "ilifanya kazi vizuri wiki tatu halafu ikakatika yenyewe tu bila kuzidishiwa mzigo". Haikukatika yenyewe, ilikuwa inapasuka tangu siku za mwanzo.

Hili wazungu walilijua kwa gharama kubwa. Tarehe 8 Mei 1842 treni iliyokuwa inatoka Versailles kwenda Paris ilivunjika ekseli ya kichwa, mabehewa yakapandana yakashika moto, wakafa watu zaidi ya 50. Baada ya hapo ndipo wahandisi wakaanza kuchunguza kwa dhati kwa nini ekseli inayozunguka inakatika kwenye mzigo ambao ingeubeba vizuri ikiwa imesimama, na Mjerumani August Wöhler akatumia miaka mingi kujaribu ekseli za treni mpaka akaonyesha kwamba chuma kina kiwango chake cha mkazo ambacho ukikaa chini yake kinavumilia mizunguko mingi sana.

Kwa sababu hizo zote, kwa shafti ya chuma cha kawaida cha dukani, kawaida ya zamani ya wahandisi wa mitambo wa Marekani ni kuruhusu mkazo wa kusokota wa megapaskali 55 kama shafti haina mfereji wa kii (kii ni kile kipande cha chuma kinachoifunga puli kwenye shafti isiteleze), na 40 kama unao. Mi natumia 40 siku zote, maana shafti ya mtaani isiyo na mfereji sijaiona.

Mashine ya mfano

Ni mashine ya kupukuchua mahindi. Mota ya umeme ya kilowati 2.2 (yaani hospawa 3), inazunguka 1,440 kwa dakika. Puli ya mota ni milimita 100, puli ya shafti ni 300. Dramu ina kilo 20 na imekaa katikati ya beringi mbili zilizoachana milimita 600. Puli kubwa ina kilo 8 na iko nje ya beringi, kutoka katikati ya beringi hadi katikati ya puli ni milimita 80. Mota iko chini, mkanda unavuta kwenda chini. Chora hiyo picha sasa hivi, usisome tu.

Hatua ya 1: Tafuta spidi ya shafti na torki

Spidi: 1,440 × 100 ÷ 300 = 480 kwa dakika.

Torki, yaani nguvu ya kusokota: 9,550 × kilowati ÷ spidi. Kwetu ni 9,550 × 2.2 ÷ 480 = 43.8, tuseme nyutoni mita 44.

Angalizo: weka spidi ya SHAFTI, si ya mota. Ukiweka 1,440 utapata 14.6, yaani umeipunguza mara tatu, na hili ndilo kosa ninaloliona kuliko yote kwa vijana wanaotoka chuo. Mashine inayozunguka polepole inasokotwa kwa nguvu zaidi kwa mota ile ile, ndio kanuni, sawa na gia namba moja ya gari.

Hatua ya 2: Tafuta mkanda unaivuta shafti kwa nguvu kiasi gani

Gawa torki kwa nusu kipenyo cha puli ukiwa umegeuza kuwa mita: 44 ÷ 0.15 = nyutoni 293. Hiyo ni tofauti kati ya upande wa mkanda unaovuta na upande uliolegea. Lakini pande zote mbili zinaivuta shafti kuelekea kwenye mota, kwa hiyo kwa mkanda wa V zidisha mara 2, inakuwa 586. Kuna wanaotumia 1.5, mi siwezi kwa sababu naona watu wanavyokaza mikanda, mtu anakaza mpaka ukiigonga inalia kama gitaa.

Ongeza uzito wa puli, kilo 8 ni nyutoni 80. Jumla 666, tuseme 700.

Hatua ya 3: Tafuta kupinda

Kupinda ni nguvu mara umbali. Pale kwenye beringi ya upande wa puli: 700 × 0.08 = nyutoni mita 56.

Katikati kwenye dramu je? Dramu ya kilo 20 ni nyutoni 200, ikiwa katikati ya beringi mbili kupinda ni 200 × 0.6 ÷ 4 = 30. Ni ndogo kuliko 56, na kwa sababu mkanda unavuta chini huku nje, upande wa ndani shafti inataka kuinuka kidogo wakati dramu inaisukuma chini, hivyo vinapunguzana. Kwa hiyo mahali pa hatari ni kwenye beringi ya upande wa puli, na ndipo zinapovunjikia kweli. Ila kama umefunga mota juu na mkanda unavuta kwenda juu, nguvu hizo mbili zinajumlishana pale katikati, lazima upige hesabu ya katikati pia.

Sasa hapa nataka nikae kidogo. Ule umbali wa milimita 80 ndio wenye mashine yako. Mtu anaacha shafti ndefu nje "ili nafasi ya mkanda iwepo", puli inakaa milimita 160 kutoka kwenye beringi, na anaona hajabadilisha kitu chochote. Amezidisha kupinda mara mbili, kutoka 56 hadi 112. Hakulipia hata shilingi, hakuongeza mahindi, hakubadilisha mota. Puli isogee karibu na beringi kadiri inavyowezekana bila kugusa. Kama kuna sababu ya lazima ya kuiweka mbali, weka beringi ya tatu nje ya puli, na hapo uwe na uhakika wa kuzilinganisha zote tatu kwenye mstari mmoja, vinginevyo umeongeza tatizo.

Hatua ya 4: Ongeza vishindo

Mashine haikai kwenye mzigo mmoja. Gunzi limekwama, mtu amemwaga debe zima kwa mkupuo, mota imewashwa dramu ikiwa imejaa. Kwa hiyo unazidisha kupinda na kusokota kwa namba za vishindo:

- Mzigo tulivu, kama feni: kupinda × 1.5, kusokota × 1.
- Vishindo vidogo: kupinda × 1.5 hadi 2, kusokota × 1 hadi 1.5.
- Vishindo vikubwa, kama mashine ya kuponda mawe: kupinda × 2 hadi 3, kusokota × 1.5 hadi 3.

Kupukuchua mahindi nachukua 2 na 1.5. Kupinda 56 × 2 = 112. Kusokota 44 × 1.5 = 66. Kama unatumia injini ya dizeli ya silinda moja badala ya mota ya umeme panda juu zaidi, maana ile inasukuma kwa kupiga, haisukumi mfululizo.

Kisha unaziunganisha, na haziunganishwi kwa kujumlisha. Kila moja izidishe kwa yenyewe, jumlisha, tafuta kipeuo cha pili: 112 × 112 = 12,544, na 66 × 66 = 4,356, jumla 16,900, kipeuo chake ni 130. Hiyo nyutoni mita 130 ndiyo shafti yako inayobeba.

Hatua ya 5: Pata kipenyo

Badilisha mita ziwe milimita: 130 inakuwa 130,000. Halafu, ile 40 ikiwa ni mkazo tunaouruhusu:

16 × 130,000 ÷ (3.1416 × 40) = 16,552

Kipeuo cha tatu cha 16,552 ni 25.5. Basi, shafti isipungue milimita 25.5.

Angalizo: ukisahau kugeuza mita kuwa milimita unapata shafti ya milimita 2 na nusu, hilo utaligundua mwenyewe. Kosa la hatari ni kuchanganya kilo na nyutoni, kwa sababu jibu linakuja karibu nusu ya linalotakiwa na linaonekana la kawaida tu, mtu analiamini.

Ile puli iliyowekwa milimita 160? Nimeipigia: kupinda 224, kusokota 66, ukiunganisha 233, kipenyo kinatoka 31. Yaani kwa saizi za dukani (Hatua ya 6) umetoka kwenye shafti ya 30 umeingia ya 35 kwa sababu ya umbali peke yake.

Hatua ya 6: Panda hadi saizi ya dukani, beringi ikuongoze

Wengi wakiona 25.5 wanasema "aah nusu milimita, weka 25". Ukirudisha 25 kwenye hesabu mkazo unatoka 42.4, umeshavuka 40. Ungeweza kubishana kwamba ni kidogo, lakini saizi inayofuata ya beringi ni 30 na tofauti ya bei ya chuma ni ndogo sana ukilinganisha na siku moja ya mashine kusimama msimu wa mavuno. Kwa 30 mkazo unashuka hadi 24.5. Nguvu ya shafti inakwenda na kipenyo × kipenyo × kipenyo, ndio maana milimita 5 tu zinaleta mabadiliko makubwa hivyo.

Beringi za kikombe cha kusimama zinaandikwa UCP halafu namba. Namba mbili za mwisho zidisha kwa 5 unapata tundu: UCP 205 ni ya 25, UCP 206 ni ya 30, UCP 207 ni ya 35. Kwa mashine yetu ni UCP 206 mbili.

Hatua ya 7: Chagua chuma

Ukiingia Gerezani ya Dar au Kamukunji ya Nairobi utaonyeshwa vyuma vya kila aina, kwa hiyo nenda unajua unachotaka.

Chuma laini cha mviringo kinatosha kabisa kwa mashine hii. Ukipata kile kinachong'aa, kilichovutwa baridi, saizi yake iko karibu kabisa na beringi. Ukichukua cheusi cha 30 ujue si duara kamili na ukikikereza kinapungua chini ya 30, kwa hiyo nunua 32 au 35 ukereze hadi 30. Kujua hujapunjwa: kipenyo mara kipenyo gawa kwa 162 unapata kilo kwa mita moja. Cha 30 ni 900 ÷ 162, kilo 5.55 kwa mita.

EN8 (ni jina la daraja la chuma, kama EN24) ina kaboni zaidi, ni ngumu zaidi na inavumilia kuchubuka kwenye kii. Nzuri, ichukue kama bei inaruhusu. EN24 ni ya kazi nzito, kwa mashine hii ni kutupa hela.

Kuna imani moja nataka niiondoe hapa. Mtu shafti yake inapinda kama upinde akiwasha mashine, anaambiwa "nunua chuma kigumu, EN24", ananunua, inapinda vile vile. Vyuma vyote hivi, laini na kigumu, vinanyumbuka kwa kiasi kile kile chini ya mzigo mmoja kabla havijafika kikomo, ugumu wa kunyumbuka wa chuma ni gigapaskali kama 200 kwa vyote. Chuma kigumu kinachelewa kuharibika, hakipunguzi kunyumbuka. Dawa ya kunyumbuka ni kuongeza unene au kusogeza beringi.

Nondo usitumie. Najua ina nguvu, najua ipo site bure. Haiko duara, ina mbavu, kila mbavu ni kona, na haikutengenezwa kwa kuzunguka.

Shafti ya gari ya skrepa ni chuma kizuri mara nyingi, ila imeshaishi maisha yake na inaweza kuwa na ufa usioonekana. Ipime hivi: isafishe kabisa ing'ae, iloweke kwenye mafuta ya taa, itoe uifute ikauke, halafu ipake unga wa chaki. Subiri. Kama kuna ufa, mafuta yaliyojificha ndani yanatoka taratibu yanachora mstari mweusi kwenye chaki. Mara ya kwanza kuuona ule mstari, mwembamba kama unywele, umezunguka robo ya ekseli ambayo nilikuwa nimeisifia kwa mteja dakika tano kabla, niliikata vipande viwili hapo hapo ili asije mtu kuiokota.

Ukitaka kujua chuma kisicho na jina, kiguse kwenye jiwe la kunolea linalozunguka uangalie cheche. Laini inatoa mistari mirefu yenye matawi machache, chenye kaboni nyingi kinatoa cheche zinazopasuka-pasuka kama fataki, chuma cha kumimina kinatoa mistari mifupi myekundu. Weka kipande unachokijua pembeni ulinganishe, na miwani vaa.

Hatua ya 8: Kii na mfereji wake

Shafti ya 30 inachukua kii ya 8 × 7, mfereji kwenye shafti unaingia milimita 4. Urefu tuseme 40. Kagua haraka: torki na kishindo ni 66, gawa kwa nusu kipenyo 0.015, nguvu ni nyutoni 4,400. Eneo la kukatwa 8 × 40 = 320, mkazo 13.75. Eneo la kukandamizwa, nusu ya kimo mara urefu, 3.5 × 40 = 140, mkazo 31.4. Iko salama sana.

Kii iwe ya chuma laini. Usiweke kipande cha patasi au spana iliyovunjika kwa kuwa eti ni kigumu, kikibana sana kinakula shafti na puli, na kii ndiyo rahisi kuibadilisha kuliko vyote.

Mfereji usiufikishe kwenye beringi. Uishie kabla, ukiacha nafasi ya angalau nusu ya kipenyo, ili kona ya mfereji isikutane na mahali pa kupinda kukubwa.

Hatua ya 9: Kona, kona, kona

Tundu dogo la duara kwenye bamba linalovutwa linafanya mkazo ukingoni mwake uwe mara tatu. Hiyo ni duara laini, sasa fikiria kona iliyokatwa na kisu chenye ncha.

Niliwahi kuletewa shafti ya 40, nene, chuma kizuri, imekatika. Mkerezaji alikuwa ameishusha kutoka 50 hadi 40 kwa ngazi, na kona ya ngazi ameiacha kali kama pembe ya kiberiti. Uso wa mkato ulikuwa unasimulia kila kitu: kwenye ukingo kuna doa jeusi dogo, kutoka hapo mistari imejipinda mmoja baada ya mwingine kama alama za maji yakipwa ufukweni, laini, imesuguliwa mpaka inang'aa, halafu kwenye robo ya mwisho chuma ni kigumu-gumu cha punje punje, pale ilipoachia kwa mara moja. Ile sehemu laini ni wiki nyingi za kupasuka kidogo kidogo. Sehemu ya punje ni sekunde moja. Mwenyewe alikuwa anaamini ameuziwa chuma feki.

Kwa hiyo mwambie mkerezaji kwa mdomo na umwandikie kwenye mchoro: kila ngazi iwe na mviringo kwenye kona, milimita 2 au 3 kwa shafti za saizi hii, na pasiwe na mikwaruzo ya kisu pale. Afadhali zaidi, kwa beringi za UCP huhitaji ngazi kabisa, shafti nyoofu ya 30 mwanzo mwisho, beringi zinafungwa kwa skrubu zake.

Na usichomelee kitu chochote kwenye shafti karibu na beringi au puli. Kuchomelea EN8 au EN24 bila kuipasha moto kwanza kunaacha ukanda mgumu unaovunjika kama kigae pembeni ya mshono. Dramu ikilazimika kuchomelewa kwenye shafti, ichomelewe kwa kati ambako kupinda ni kidogo, kwenye chuma laini.

Hatua ya 10: Funga na ukague

Zungusha kwa mkono kabla ya mkanda, inatakiwa izunguke yenyewe mizunguko kadhaa. Puli mbili zilingane, weka uzi ulionyooka usoni mwa zote mbili uguse pande zote. Mkanda ukiubonyeza katikati ushuke kidogo, usiwe kama nondo. Bolti za beringi angalia kichwani: 8.8 maana yake inakatika kwenye megapaskali 800 na inaanza kunyooka kwenye asilimia 80 yake, yaani 640. Bolti isiyo na maandishi usiifunge kwenye mashine inayotikisika.

Weka kava la mkanda. Tafadhali. Kanga na mikono ya shati vinanyakuliwa na puli kabla mtu hajajua, na kwenye kupukuchua mahindi watoto wako karibu siku zote.

Ikishindikana: dalili na pa kuanzia kutazama

*Shafti imekatika wima, uso una mistari ya kupwa:* uchovu kwa kupinda. Tafuta doa la kuanzia, litakuwa kwenye kona, mfereji, skrubu ya beringi au mshono. Usirudishe shafti ile ile kwa muundo ule ule, itakatika palepale. Sogeza puli, lainisha kona, ndipo uongeze unene.

*Imekatika kwa msokoto wa mshazari:* chukua chaki uisokote kwa vidole mpaka ikatike, mkato unaouona ndio huo. Chuma kilikuwa kigumu mno au kilichemshwa kikapozwa ghafla.

*Kii inakatika mara kwa mara:* mara nyingi imecheza ndani ya mfereji, inapigwa badala ya kusukuma. Pima mfereji kwa vernia, usiweke bati la kujazia. Kama kii imekaa vizuri na bado inakatika, dramu inakwama, angalia nafasi kati ya dramu na chekeche.

*Beringi inachemka mpaka mkono haukai:* legeza mkanda kwanza uangalie. Ikiendelea, beringi mbili hazikai mstari mmoja, au grisi imejazwa kupita kiasi.

*Mashine inatikisika kwenye spidi fulani tu kisha inatulia:* shafti ni nyembamba au ndefu mno kwa spidi hiyo. Usiifanyie kazi kwenye spidi hiyo, sogeza beringi karibu.

*Mashine inatikisika kila spidi:* dramu haina mizani. Vua mkanda, iache izunguke ijisimamie, upande mzito utashuka chini kila mara. Ongeza uzito upande wa pili kidogo kidogo mpaka isimame popote.

*Beringi inateleza kwenye shafti na kuacha michubuko:* shafti imekerezwa ndogo. Kama vernia inasoma 29.8 kwenye beringi ya 30, kukaza skrubu zaidi kutaitoboa shafti na kuianzishia ufa. Hiyo shafti irudishe kwa mkerezaji au uibadilishe, na safari hii nenda na beringi mkononi aijaribishie palepale kabla hujalipa.